Kisigino cha Mukhwana

Kwa Mukhwana, uliyenitangulia duniani kwa nusu saa na hujaacha kuringa,

Salamu kutoka Kiplombe. Kifua kinaendeleaje, na kile kikohozi? Mimi niko, ila ng'ombe anakamuliwa na jirani. Sababu utaisikia.

Musimbi, mjukuu wangu anayesoma fizikia chuoni, amenieleza juu ya vitu vidogo kuliko vumbi, vinavyozaliwa pacha. Weka kimoja hapa Eldoret, kingine huko Moi's Bridge. Ukipima hiki ukapata jibu, jibu la kile litaafikiana nalo. Wakubwa wa fizikia wamegombana miaka. Kuna waliosema hao pacha walipatana kabla ya kuachana, vipimo vikakataa. Mpaka leo wanabishana kama mbali ni mbali kweli. Halafu akasema mbele ya walimu wake atatoa mfano wako. Wako wewe, na mimi ndiye niliyemlea.

Ni kwa sababu umejisifu kote. Mbwa aliponiuma kisigino, eti chako kikachoma huko huko. Lakini wewe ulipolazwa na nimonia, mimi nilikuwa arusini nakula kuku, sikusikia hata mwasho. Kina mama wa kanisa wakasema pacha wa kweli ni Mukhwana. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa sikia. Nilianguka zizini, mguu ukavunjika. Nikakataza kila mtu kukupigia simu. Nikalala na plasta yangu, nangoja kisigino chako kikuambie. Jumapili ikapita, na nyingine. Ukampigia Musimbi kuuliza bei ya mahindi, nikakusikia ukicheka.

Nilifurahi, dada. Nikasema mwongo ameshikwa. Halafu furaha ikaisha, nikabaki na mguu.

Musimbi akanigombeza. Akasema hata vile vitu havitumiani habari. Kila kimoja kiko kwake, hakijui lolote. Kuafikiana kwao huonekana tu mtu akibeba jibu la hiki akaliweka kando ya jibu la kile.

Kwa hivyo nimempa Nicanor barua hii, anakuja huko kununua mahindi. Nimenunua leso mbili, maana mama alituonya pacha asivae mpya peke yake. Yangu sijaifungua. Yako siitumi. Ifuate huku, na hicho kisigino chako.

Wasalimie wote wa boma.

Ni mimi Mulongo, pacha wako, kanisa lipende lisipende.