Sauti Niliyokupa Mteremkoni

Mwanangu Deo,

Mtoto ndiye huanza na shikamoo, mzazi akaitikia. Kwa kuwa hujaanza, naandika bila salamu. Mwandiko ni wangu, sikumwomba mwalimu. Darasa langu la pili linatosha.

Nimekusikia kwenye hiyo redio mpya ya watu binafsi, ukiimba roki yako. Mtangazaji kakuuliza, sauti ya kupasua spika namna hiyo umeitoa wapi? Ukajibu, "Nilijifunza mwenyewe mjini, kwa kanda. Kwetu hakuna aliyejua muziki."

Hakuna aliyejua. Haya.

Ulikuwa na miaka sita nilipokusimamisha pale juu ya ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, mahindi yameanza kuota, nikakwambia umwite mama yako aliyekuwa shamba la ng'ambo ya bonde. Ukalia kama kifaranga. Nikakugusa tumboni: "Ita kutoka hapa, koo liache." Siku ya tatu mama yako akaitika. Jioni akanichokoza, "Baba Deo, huyu atakuja kukuzidi." Nikamwambia wa kunizidi hajazaliwa. Na ni kweli, kijiji kizima cha Matiri nilikuwa peke yangu. Nikiita, ng'ombe wa watu wanageuka.

Na lile gitaa lako la debe, nyuzi zake zilikuwa waya wa breki ya baiskeli yangu. Nilishuka na gunia la kahawa bila breki, nikaishia migombani. Nilikuchapa, sikatai. Lakini waya sikukunyang'anya. Hilo redioni hukulisema.

Mama yako alipofariki tulikutangazia redio ya taifa. Jina lako likasomwa, popote ulipo uje. Tukangoja siku mbili. Jirani akasema, "Mzee, vijana siku hizi wako kwenye redio za muziki, za vifo hawafungui." Nikazika.

Msalaba wake mpaka leo umeegemea mashine ya kukoboa kahawa. Padre kaja mara mbili: "Mzee, usimike sasa, marehemu anangoja." Nimemjibu, anayesimika ni mtoto wa kwanza, na yupo, anaimba. Mimi sisimiki.

Juzi nilisimama pale mteremkoni nikamwita mama yako, kujipima tu. Sauti haikufika hata kwenye migomba. Iliyobaki unayo wewe. Ilete, imwite mara moja, kisha ushike jembe tuchimbe shimo la msalaba.

Ni mimi baba yako, asiyejua muziki.