Mbegu Zilizorudi na Bamvua

Jumamosi, 4 Mei
Leo nimepanda mikoko mia mbili kabla ya adhuhuri. Hakuna kijana wa kijiji hiki cha Jego aliyenifikia. Chai vikombe viwili, kisha usingizi.

Jumapili, 5 Mei
Uongo. Daftari ni langu, namdanganya nani? Nilipanda kama thelathini. Tope lilinifika magotini, mgongo ukagoma. Nikachomeka vijiti vya alama safu nzima, shemeji akavihesabu kwa mbali, akaandika mbegu mia mbili. Mbegu zilizobaki nilizitia katika gunia la mchele, nikalikanyagia topeni nyuma ya mkoko mkubwa. Nikatoka nacheka. Mzee mzima.

Jumanne, 7 Mei
Mvua. Sikutoka.
Shemeji Mwanamkasi, mjane wa marehemu kaka yangu, ndiye anayeongoza kikundi chetu cha kupanda mikoko na kutugawia mbegu. Konde lake la mpunga liko nyuma ya pale tunapopanda. Kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji ya chumvi yanaingia, mpunga unageuka manjano. Zamani hayakuingia. Palikuwa na msitu wa mikoko, adhuhuri ndani kama magharibi, kamba wengi mpaka unachagua. Nani aliukata? Mimi. Boriti. Nusu ya nyumba za hapa zimesimama kwa shoka langu, na huwa nalisema hilo kwa kujisifu.
Leo sina hamu ya kulisema.

Ijumaa, 10 Mei
Bamvua la jana limepasua gunia. Tumetoka msikitini, mbegu zimejipanga pwani kama samaki wa kuuzwa. Miaka sabini na ushei naishi hapa, nikasahau kwamba mbegu ya mkoko huelea. Hata watoto wadogo wa chuoni wanajua.
Kikundi kikaenda kutazama safu yangu. Mbegu chache mwanzoni, kisha vijiti vitupu. Wakaniuliza. Nikajibu, "Mimi nilipanda nilizopewa. Muulizeni anayegawa."
Ulimi huu.
Bi Saumu, mmoja wa kikundi, akamgeukia shemeji: "Ulihesabu nini, mwenzangu? Mbegu au kuni?" Mwingine akasema labda kazificha akauze. Kesho wanakutana kumtoa uongozini. Nikatia mzaha kwamba wezi wa mbegu ni kaa, watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu.
Naona haya hata kwa paka.

Jumamosi, 11 Mei
Nimesema. Mbele ya wote, kibandani. Nilipanga kuanza na mzaha, ukakwama. Nikasema gunia ni langu, mchele wake niliula mimi, na shemeji hakuficha hata mbegu moja. Nikasema na la shoka, ingawa hakuna aliyeniuliza.
Kisha Bi Saumu: "Haya babu, tope lile pale."
Shemeji ameachiwa uongozi wake. Hakunitukana. Alinipa mbegu mpya, akazihesabu moja moja kiganjani mwangu, kama mtu anayempa mtoto njugu. Bora angetukana.

Alhamisi, 13 Juni
Safu imekwisha. Nilipanda nimepiga magoti, kila maji yakitoka. Mgongo umeacha kugoma, au mimi nimeacha kuusikiliza. Shemeji akinikuta njiani hunipa salamu fupi, ya watu waliokutana mazikoni.

Jumatatu, 29 Julai
Majani mawili mawili. Si kote. Kaa wamekula za kwao, na safari hii kweli ni kaa.
Maji yameingia tena kondeni kwa shemeji. Miti hii haitayazuia mimi nikiwa hai. Nilikaa ukingoni mpaka yakarudi.
Alipita na jembe begani. Akasimama, akahesabu safu yangu kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Akaenda zake polepole.
Shemeji, haya hutayasoma, basi nayaweza kuyaandika. Mwaka juzi nilikuezekea banda la kuku, ukaniahidi sinia zima la mkate wa kumimina wa mchele, nami nakudai mpaka leo. Sinia silitaki tena. Kipande kimoja tu, siku ukipika.