Mtaro Chini ya Baraza ya Mama Mkwe

Babu yangu,

Mola akunawirishie kaburi lako. Sie hapa Matrah, ng'ambo ya bahari, wazima, ila mie nimechoka hoi: mtoto anaota meno, na wiki nzima nilikuwa nnachimba mtaro.

Ndiyo, mie! Sababu ni yule Mwairishi wako, injinia wa reli. Mvua ya mwaka jana iliingia chumbani ikalowesha godoro la mtoto. Watu hapa wanasema mvua ni ya siku mbili tu kwa mwaka, ya nini kuhangaika? Nikakumbuka hadithi zako za huyo injinia. Kazaliwa Ayalandi kwenye matope, kajenga reli kwao, kisha Bara Hindi, ndipo akaja Mombasa ukamshikia mnyororo wa kupimia. Kila alipopata kibarua mpya alimweleza aibu yake mwenyewe: tuta lake la kwanza la reli lilichukuliwa na maji, akafukuzwa kazi. Kisha humwambia, “Uliza maji kwanza, reli baadaye.”

Basi nikaitoa ile pimamaji aliyokuachia alipostaafu, ya mbao, yenye kipovu cha kuonyesha mteremko. Nikapima ua mzima. Babu, maji yalitaka kupita palepale penye baraza ya mama mkwe! Mpya, hata chokaa haijachakaa, ndipo anywapo kahawa yake.

Baba mtoto akacheka mpaka akakaa chini. “Haya bibi injinia, kamwambie mwenyewe. Mie simo!”

Nikaenda, mtoto kiunoni. “Mama, nnakuheshimu, lakini mjukuu wako huyu hatalala majini tena. Baraza nnaivunja.”

Nikaivunja, nikachimba. Alininunia siku tatu. Majirani akawaambia, “Nimemuozesha mwanangu kuli wa reli!”

Juzi ikanyesha. Maji yakashuka mlimani kwa kishindo, yakaingia uani... yakafuata mtaro mpaka nje. Chumbani hata tone. Mama mkwe kasimama mlangoni, kambeba mtoto: “Tazama kazi ya mamako.” Kisha akanigeukia: “Na mie ntakaa wapi?”

Leo wamekuja majirani wawili, wanataka niwapimie nyua zao. Aliyewaleta ni mama mkwe mwenyewe.

Nakuaga Babu, mtoto kaamka. Nnakuahidi ntakwenda kuwapimia, na ntawaambia ukweli wa maji hata wakininunia mwezi.

Mjukuu wako akupendaye,
Zuwena