Int uliyonificha

Mwalimu Kashindi,

Jana familia yako imemaliza kilio chako hapa Songo. Tuliomba, tulikula, kisha baba yako mdogo akasimama katikati ya uwanja akauliza kama inavyoulizwa siku hiyo: nani alikuwa na neno na marehemu, aseme leo, kesho hatutaki kusikia tena. Jirani wa nyuma akasema ngazi yake iko kwako tangu siku ulipofunga ile plaque ya solaire, ya umeme wa jua, juu ya mabati. Watu wakacheka kidogo, ngazi ikatafutwa, akapewa. Minye nilikuwa na neno pia. Lilikuwa limefika kooni kabisa. Lakini Mama Mapendo, mke wako, alikuwa amekaa mbele yangu na kitenge kipya, ametoka kuvua nguo nyeusi, uso umechoka, nikashindwa. Basi neno nalileta kwako mwenyewe.

Baada ya hapo viligawanywa vitu vyako. Koti lilikwenda kwa mdogo wako, redio kwa mama yako. Na chumba cha nyuma ulimokuwa unafundishia, pamoja na mashini za kompyuta na tablo ya kuandikia, Mama Mapendo alisema ni vya Furaha. "Huyu ndiye alikuwa anamuita binti yake," akasema, na akanitia funguo mkononi mbele ya watu wote. Wakapiga makofi. Nikasema asante mama, nikatazama chini, na kila mtu alifikiri nalia kwa ajili yako.

Kesho ni Jumatatu. Wanafunzi watakuja na sijui kama nitawafungulia mlango. Huo ndio moto ulio kifuani mwangu, na weye ndiye uliyeuwasha.

Nikuambie ilivyokuwa. Tangu tension yako, presha ya damu, ilipopanda ukalala kitandani, nilikuwa nafundisha wale wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya Java, kama ulivyoniomba. Nilifundisha maneno yako vilevile ulivyoyasema, hata sauti nilikuwa naiga. Siku ya kwanza niliandika juu ya tablo: katika Java, kila kitu ni objet. Niliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini, nikawaeleza objet ni kitu chenye kazi kinazojua kufanya. Nilikuwa na furaha, Mwalimu, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza ulilonifundisha ulipokuja kunitoa kule pwani, Kalundu, nilikokuwa naanika ndagala na mama. Ulimuambia mama, huyu mtoto ana kichwa, nipe. Nilikuamini tangu siku hiyo. Ungeniambia ziwa linapanda mlimani mpaka Mulenge, ningeenda kulingojea huko.

Majuzi, weye ukiwa umeshazikwa, Ester akanyoosha kidole. Unamjua, yule msichana wa Makobola anayekaa kwa shangazi yake, anayeuliza mpaka unachoka. Wananiita yaya, dada mkubwa. Akasema, "Yaya Furaha, kama kila kitu ni objet, mbona int inakataa?" Alikuwa ameandika int, lile neno la kuwekea namba, nyumbani kwao, kwenye simu ya shangazi. Nikamuambia amekosea kuandika. Nikawaita wote wasogee kwenye mashini kubwa niwaonyeshe. Nikaandika int samaki = 7, na chini yake samaki, nukta, toString, yaani jitaje kwa maandishi. Wino mwekundu wa makosa ukatoka. Nikafuta, nikaandika tena polepole, wino mwekundu. Nikabadilisha jina. Nikawasha mashini upya, eti labda imechoka. Wanafunzi walitazama pembeni kwa heshima, na heshima yao iliniumiza kuliko kama wangecheka.

Byamungu, mwanafunzi wako mwenzangu, alikuwa pale, amekuja kutengeneza batri. Alisimama, akachukua chaki, akaeleza kwa maneno machache. Int si objet. Ni thamani tupu. Haina classe, ule mchoro wa objet, nyuma yake, kwa hiyo haina méthode, yaani kazi, ya kuitwa. Akamaliza, akarudi kwenye batri yake kana kwamba amesema leo kuna jua. Ester akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Minye nilibaki nimesimama na kifutio mkononi.

Wanafunzi walipotoka nikamuuliza Byamungu amejifunza wapi hayo. Akanitazama kwa mshangao. "Si ni kwa Mwalimu?" akasema. "Alinifundisha mwaka ule wa kwanza." Nikamuuliza mbona minye hakunifundisha, tulikuwa bench moja. Akaanza kugeuza-geuza waya. Nikamuambia Byamungu, sema. Ndipo akasema ulimuambia hivi: Furaha anashika mbio, lakini usimpe mambo ya chini-chini, atachanganyikiwa, mwache na Integer zake.

Mwache na Integer zake. Mwalimu, hilo neno nimelala nalo, nimeamka nalo.

Kwa sababu nilikuuliza. Usiseme sikuuliza. Nilikuwa nimeona int katika programu ya mtu mwingine, nikakuonyesha kwa kidole: hii ni nini? Ulikuwa unakula mahindi ya kuchoma. Ukapangusa mdomo, ukasema, "Hiyo ni ya zamani, muntu haitumie tena. Andika Integer, tuendelee." Ulinitazama machoni ukasema vile. Na nikaandika Integer, ile namba iliyofanywa objet, kila mahali, miaka yote, mpaka nikawa nawacheka wengine walioandika int, nawaona washamba. Nilikuwa najigamba na uongo wako kama mtu anayetembea na nguo aliyovaa nje-ndani na hakuna anayemuambia.

Na ile programu yangu ya centre de santé, kituo cha afya? Unakumbuka? Namba mbili zilikuwa sawa kabisa, nazitazama kwa macho yangu, na mashini inasema si sawa. Zikiwa ndogo inakubali, zikiwa kubwa inakataa. Nilikonda. Nilifikiri nimerogwa. Nikakuletea, ukakaa, ukapuliza vumbi juu ya vitufe vya clavier kama kawaida yako, ukabadilisha neno moja, ukanirudishia. Nikakuuliza ilikuwa nini. Ukasema ni mambo ya Java, usijali. Nikakushukuru. Nilikuletea hata samaki, mukeke wa kukaanga, kwa shukrani, na ukaula.

Sasa nimejifunza mwenyewe. Baada ya Byamungu kusema, nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikatafuta. Na unajua nilielewa kwa njia gani? Kwa mchezo wako mwenyewe, hiyo ndiyo inanikasirisha zaidi.

Umeme ulipokosekana na batri ikawa imelala, ulikuwa unatupeleka uwanjani tunaendesha programu kwa mdomo. Kila mwanafunzi ni objet, amekaa mahali pake, ana kazi anazojua kufanya. Unasema "Furaha, nukta, taja jina," nasimama, nataja jina. "Byamungu, nukta, hesabu," anasimama, anahesabu. Na namba? Namba ulikuwa unatuandikia kwa chaki ndani ya kiganja. Saba kwenye kiganja changu, kumi na mbili kwenye cha Byamungu. Hukuwahi hata siku moja kusema "saba, nukta, simama." Kwa sababu saba iko ni chaki tu. Nani atasimama? Ukitaka saba ijibu, ulikuwa unaita mtoto mmoja unamuambia, weye shika hii saba, sasa uko Integer. Ndipo unamuita kwa nukta, naye anajibu.

Nukta ni kuita mtu. Kwa Integer, jina linakupeleka mpaka pale mtu alipokaa, naye ana mambo anayojua kufanya. Kwa int hakuna pa kwenda, namba ndiyo hiyo hiyo mkononi, imekwisha. Java inakataa kabla programu haijaanza, kwa sababu inajua unamuita asiyekuwepo. Na waliacha int hivyo makusudi, iwe nyepesi, maana huwezi kuitafutia kila namba mtoto wa kuibeba, uwanja utajaa na kazi haitakwisha. Na zile namba zangu za centre de santé, nilipozilinganisha, mashini ilikuwa inauliza kama ni mtoto mmoja, haiulizi kama watoto wawili wameshika namba ile ile. Zikiwa ndogo, Java ina watoto wake iliokwisha kuwaweka tayari, inamleta yule yule mara zote. Zikiwa kubwa inaleta mwingine. Basi. Ndiyo hivyo tu.

Nililia, Mwalimu. Sikulia kwa sababu ni ngumu. Nililia kwa sababu ni rahisi. Nilikaa chini mchana, kabla ya kwenda kuchota maji ya jioni nilikuwa nimeelewa yote. Nilitamani iwe ngumu, nikae nayo mwezi, nipate cha kukutetea nacho, niseme kweli Mwalimu aliona mbali, hii isingeingia kichwani mwangu. Imeingia bila hata kubisha. Na ulikuwa na uwanja, ulikuwa na chaki, ulikuwa na kiganja changu umekishika unaandika saba. Sentensi moja ilibaki. Ukamuambia Byamungu, ukaninyima.

Nimejiuliza ni kwa nini. Labda kwa sababu ni msichana. Labda kwa sababu nilitoka kwenye ndagala na Byamungu alitoka shule ya mapadri. Labda ulinipenda tu, ulitaka nisiumie kichwa, nibaki nakuamini na kucheka. Mama Mapendo akiniambia ulikuwa unanisema vizuri kila siku mezani, naamini. Hilo ndilo linanichanganya. Kama ungekuwa mtu mbaya kwangu ningekutukana nikapumzika. Lakini uliniita binti yako, na binti yako ukamkadiria, ukampimia kiasi cha kujua, ukafunga mfuko. Hukuniuliza kama nimeshiba.

Byamungu jana alinifuata nje, watu wakiwa wanakunywa mutobe wa ndizi. Akasema kama sitaki chumba, yeye atakichukua, lakini angependa tufundishe wote wawili. Akaomba msamaha pia, alifikiri nilishajua kitambo. Sina ugomvi naye. Alitunza siri ya mwalimu wake kama alivyoambiwa. Nilimuambia nitamjibu leo.

Nimekaa na funguo hizi tangu asubuhi. Nilipotoka misa nilipita karibu na chumba, nikachungulia dirishani. Tablo bado ina mwandiko wangu. Kila kitu ni objet, herufi kubwa, mstari chini. Hakuna aliyefuta, hata Byamungu siku ile aliandika pembeni yake tu. Watoto wale wameandika sentensi hiyo, wameipeleka kwao, kuna mmoja anayemfundisha mdogo wake. Nikikaa nyumbani nimekasirika, uongo wako utaendelea kufundisha bila weye na bila minye. Na Ester atapata mtu wa kumuambia hiyo ni ya zamani, tuendelee.

Kwa hiyo nitakwenda. Nimeshamtumia Byamungu neno, tutafundisha wote wawili, na somo la kwanza ni langu. Nitafuta tablo mbele yao wote, wanione nafuta, na nitawaambia niliyoandika si kweli na aliyenifundisha alijua si kweli. Jina lako nitalitaja. Mama Mapendo akisikia na akataka funguo zake, nitazirudisha na nitafundishia uwanjani, maana hata hapo ulinizoeza.

Na nakuahidi jambo moja, nalo silifanyi kwa heshima yako, nalifanya kwa uchungu wangu. Mtoto akiniuliza kitu, nitamuambia chote ninachojua. Akichanganyikiwa, tutachanganyikiwa pamoja mpaka jioni. Sitamtazama uso nikaamua mwenyewe mahali kichwa chake kinapoishia.

Kaburi lako tumelipandia maua mekundu, yameshika. Nitakuja kumwagilia kila Jumapili, Mama Mapendo magoti yanamuuma. Lakini nikija usitegemee nitakaa niongee nawe kama zamani. Nitamwagilia, nitaondoka.

Lala salama, Mwalimu. Uliniona sitaweza, na nilikuwa naweza.

Furaha