Herufi Zilizokataa Kukaa Kubwa

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi ya ajabu! Ukungu umeshuka mpaka dirishani, na mimi humu ofisini natoa jasho. Kompyuta! Tangu waniletee mwezi jana sijaigusa taipureta hata kuipangusa vumbi. Vidole vyangu vina miaka arobaini na moja, lakini leo vilikuwa na kumi na sita.

Kazi yenyewe: Ijumaa daktari wa macho anakuja hapa kliniki yetu ya Gatitu, kupasua watu wenye mtoto wa jicho. Watu arobaini na wanane. Kila mmoja atabandikwa karatasi kwenye paji la uso — jina, halafu KULIA au KUSHOTO. Mwaka jana waliandika kwa mkono, mwandiko wa kuku, na mzee mmoja akalazwa mezani jicho bovu likiwa limefunikwa, jicho zima likisubiri kisu! Nesi aligundua mzee alipouliza mbona bado anamwona. Kwa hivyo mwaka huu zichapwe kwa mashine, herufi kubwa. Mimi ndiye mchapaji. Mimi!

Na Maitu yumo kwenye orodha. Ngendo, kulia; la kushoto lilishakufa zamani. Miaka mitatu hajaniona, mama yangu. Anasema akifunguliwa ataenda moja kwa moja kumtazama jirani anayemwibia ndizi, amwangalie tu machoni, asiseme neno.

Nimeingia kwenye spreadsheet, ile programu ya majedwali, nikapanga herufi za kawaida za kila ukurasa mpya ziwe saizi 24. Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kirefu. Nikabonyeza OK. Mimi ni mtu wa OK. Nikazikuza pia kwa mkono kwenye ukurasa wa Gatitu, nikazima, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumanne, 9 Julai

Kumi! Nimefungua ukurasa mpya wa wagonjwa wanaotoka tawi letu la Kiganjo — herufi saizi kumi, kama chawa wamepanga foleni.

Nikapanga tena 24. Kiingereza kirefu. OK.

Nimempigia simu fundi wa mjini, anaitwa Mwai. Hatujawahi kuonana. Ati, "Madam, umeseivu?" Nikamwambia nimeseivu mpaka kidole kinauma. Akacheka. Ana kicheko cha taratibu, kama mtu anayemimina uji asiumwage. Akauliza maswali mengi. Mengine hayakuhusu kompyuta. Kama naogopa baridi. Mtu anaogopaje baridi na amezaliwa Nyeri? Nikasema ndiyo, naogopa sana.

Mimi Warigia! Mjane mzima!

Jumatano, 10 Julai

Kumi tena. Nimeitukana. Kimoyomoyo, maana Bwana Miriti alikuwa nyuma yangu.

Bwana Miriti ndiye msimamizi wetu, Mmeru mpole, lakini akikasirika sauti inashuka badala ya kupanda. Leo ilishuka mpaka nikainama kumsikia. "Warigia, kesho jioni kama hizo karatasi haziko, nachukua kalamu naandika mwenyewe. Na hii mashine iende tawi la Kiganjo. Huko kuko na mtu amesomea."

Amesomea! Nimeenda chooni nikalia kidogo. Halafu nikajiona kwenye kioo, wino wa printa puani, nikacheka mpaka nikashika sinki.

Nikazikuza kwa mkono hizo za Kiganjo. Jina likishuka mstari, linaingia chini ya jina la pili. Ukurasa mzima ukawa matope, na ule wa Gatitu nikiuchapa, hivyo hivyo. Nimeona kabisa jinsi Maitu anavyoweza kubandikwa jicho la mtu mwingine. Hapo sikucheka.

Simu tena. Mwai anasema, Madam, hii si ya simu, nakuja mwenyewe kesho. Nimeosha nywele. Kwa sababu ni chafu!

Alhamisi, 11 Julai

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Alifika saa kumi. Mrefu, koti la kahawia, viatu vimejaa tope la kutoka stejini. Akaketi mbele ya mashine kama anayekaa na mgonjwa. Akasema nifanye yote ninayofanya kila siku, yeye atatazama tu. Nikapanga 24. Kiingereza. OK. Nikaandika majina mawili matatu. Saa kumi na moja ikafika nikamwambia basi, sasa huwa nazima. Nikabonyeza kitufe cha skrini. Giza.

"Hapo ndiyo umezima?" akauliza.

"Ndiyo."

Kabla hajasema kitu, Magdaline anayesafisha ofisi akaingia na ndoo yake, akasema habari zenu, akapita katikati yetu na kuchomoa waya ukutani. Pwap! Mashine ikakata roho.

"Mama, unafanya nini?" Mwai aliruka.

"Nachomoa," Magdaline akasema. "Kila jioni mimi nachomoa. Birika yangu itachomekwa wapi? Na hiyo TV si imezimwa?"

Mwai alicheka mpaka akashika meza. Magdaline naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilitaka sakafu inimeze — halafu nikacheka kuwashinda wote.

Birika ikachemka, tukanywa chai sote watatu, kisha tukaiwasha tena. 24. Kiingereza kirefu. Kidole changu kikakimbilia OK, Mwai akakishika. Alikishika! "Soma kwanza, Warigia."

Si Madam. Warigia.

Nikasoma. Ilikuwa inasema, siku zote hizi, kwa adabu kabisa: mabadiliko haya yataanza ukiifunga programu na kuifungua tena. Mimi sijawahi kuifunga hata siku moja. Nilidhani skrini ikilala na yenyewe imelala. Na kila jioni Magdaline anaikata ikiwa katikati ya sentensi. Ingekumbuka nini?

Nikaifunga vizuri, mimi mwenyewe. Nikaifungua. Ukurasa mpya. Nikaandika NGENDO. Kubwa! Limejaza nusu ya skrini! Nimepiga makofi kama mtoto wa nasari. Printa ikalia kama mbuzi mpaka saa moja, mimi nakata kwa makasi, Mwai anapanga, Magdaline anahesabu. Arobaini na nane. Bwana Miriti alikuja akasimama mlangoni, akashika moja mbali na macho, akanyoosha mkono mpaka mwisho. Akasoma. "Sawa," akasema, kwa sauti ya kupanda.

Ijumaa, 12 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Wote arobaini na wanane. Nesi alikuwa anasoma karatasi kutoka mlangoni, hata hakaribii. "Ngendo, kulia!" Maitu akajibu, "Niko!" kama mtu wa shule. Ametoka na bandeji, anauliza kama mvua imeshafika au ni mimi nalia.

Jumamosi, 13 Julai

Niko kwenye benchi hapa kliniki, naandikia magotini. Wanafungua bandeji moja moja. Mzee Kingori wa Kiganjo aliambiwa ahesabu vidole vya nesi. Vitatu, akasema, halafu akakataa kunyamaza — akahesabu madirisha, akahesabu watu, sasa amefika kwenye vifungo vya sweta ya Bwana Miriti.

Mwai amekuja. Ati kuangalia kama mashine imekaa sawa. Jumamosi! Ofisi imefungwa! Amenyoa ndevu, amesimama kule karibu na mlango, haulizii ufunguo.

Zamu ya Maitu. Bandeji imetoka. Anaangalia mikono yake mwenyewe, juu na chini. Anaangalia pindo la gauni langu. Anapanda polepole — mkanda, shingo — uso.

"Umezeeka," ameniambia.

Halafu amecheka, nami nimecheka, tumelowa wote wawili, nesi anapiga kelele asipanguse jicho, asipanguse! Nimekaa naye, nimeshika kalamu tena ili nitulie. Yeye anatazama chumba chote kama mtu aliyerudi shambani baada ya safari ndefu, anakagua nini kimeota. Amefika mlangoni. Amesimama hapo.

Amesema kwa Kikuyu, na sauti yake ile kubwa ya miaka mitatu ya kutojua watu wako karibu kiasi gani: "Na yule mwanamume anayekutazama hivyo ni wa nani?"

Benchi nzima imegeuka. Kingori ameacha kuhesabu. Mwai amesikia — masikio yake yamekuwa mekundu, lakini hajaondoa macho. Nimeinamia daftari hili, naandika, naandika, maana nikiinua kichwa itabidi nijibu, na Maitu amenishika kidevu kwa vidole viwili, ananiinua —