Buibui la Bi Mastura

Mambrui,
16 Machi 1986.

Mpendwa mdogo wangu Batuli,

Assalaam aleikum. Huko Maskati hujambo? Goti je, limeacha kukusumbua? Sisi miili yetu mizima, alhamdulillahi. Moyo wangu ndio haujatulia. Tangu asubuhi nakaa, nainuka, naandika, nafuta.

Kwanza nikupe ya furaha. Ile nyumba ya marehemu Bi Mastura, kungwi aliyetufunda, imefanywa makumbusho, na msimamizi wake ni nani? Zuleikha wangu! Ufunguo anao yeye. Wageni wanamsikiliza vinywa wazi akieleza jinsi Bi Mastura, wakati wa vita vya Wataliani, alivyokuwa akiingia nyumba za harusi huko kaskazini, kumbe anawapelelezea Waingereza. Nani angemshuku kungwi? Usemaji huo mwanangu kaurithi kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi Zuleikha alilileta nyumbani buibui la Bi Mastura, maana kabati lake la kioo liko kwa fundi. Nikaliona lina vumbi na ukungu. Vazi la marehemu litazamwe na wageni hivi? Watasema Mambrui hatuna sabuni! Nikaliloweka, nikalifua, nikalifukiza udi. Linanukia, Batuli, ungelivaa.

Kumbe ndani ya upindo mlikuwa na karatasi, ujumbe wake wa mwisho ambao haukufika. Bwana Gitau, mtaalamu wa Nairobi, anakuja Jumatano kuufumua mbele ya watu. Zuleikha kapata habari hiyo jana, akaniambia, uso umemjaa furaha. Nikaenda kuupapasa upindo: donge tu, kama uji ulioganda.

Nilimwendea Katana, yule jirani mshonaji. Akaniambia, "Mama Zuleikha, tia karatasi nyingine, nikushonee. Nani atajua?" Nikakata karatasi, hata nikaichovya kwenye chai izeeke. Kisha moyoni nikamwona mwanangu akiwasomea watu uongo wangu. Mkono ukakataa.

Basi nimeiacha barua hii hapa kidogo, nikamwita, nikamwambia yote. Hakulia. Alilinusa buibui, akasema, "Mama, umelifanya la bibi harusi!" Kisha akalikunja polepole, nami natamani anigombeze. Mwisho akasema, "Jumatano tutakwenda pamoja. Utamweleza Bwana Gitau kwa kinywa chako." Kazi atabaki nayo au atanyang'anywa, hajui.

Nitakwenda. Nayajaribu maneno ya kumwambia huyo bwana, na kila nikianza, najikuta namsifu Zuleikha.

Nisalimie shemeji Jaafar na mwanenu Hindu mdogo. Mola akuhifadhi ugenini, na dua zako nazihitaji kabla ya Jumatano.

Wako akupendaye,
dada yako Shekha.