Ndevu za Hina na Joho la Mwalimu

Mwalimu wangu Faki,

Huko uliko hupokei simu, na ungepokea ungenikatiza kwa kicheko. Hili nalokuandikia sijathubutu kumwambia mtu mwingine hapa Xiaobei, mtaa wetu wa ugenini kwa Wachina.

Tangu ndege ikuchukue uwanja wa Baiyun, kiti chako cha pale mkahawani, kile kinachotazama mlango, kilibaki kitupu, joho lako limetundikwa mgongoni mwake. Jumapili tulikuja na beti zetu tukakizunguka kama mayatima, na ndivyo tulivyokuwa. Kisha maneno yakaanza. Wapemba wakasema kiti ni cha Maalim Hamadi, mwenzako wa utotoni, akisharudi kutoka kukuzika Pemba. Watu wa bara wakasema ni changu, mwanafunzi wako. Watu waliokula sinia moja wakaanza kukaa meza mbalimbali. Nikaogopa baraza letu la mashairi litakufuata.

Basi Jumapili iliyopita nikakikalia. Na joho nikalivaa. Tumbo langu unalijua; mshono wa kwapani ulilia. Ndevu nilizitia hina, nionekane mtu wa hekima.

Unakumbuka kisa alichokupa yule mteja wetu wa Ireland, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa? Kwamba zamani kwao mshairi mkuu alifariki, kijana akajibandika ndevu za majani, akavaa joho la manyoya ya ndege, akakikalia kiti chake. Akaja mzee, wakaulizana: umetoka wapi? Na jina la mji si jibu. Mshairi hujibu kwa alichokipitia. Ukaifanya sheria ya baraza letu. Kijana yule alijibu vizuri, ulisema, ila mwishowe aliinuka mwenyewe. Nikakuuliza kwa nini. Ukaniambia, "Kunywa chai yako, Rama, inapoa."

Basi Jumapili hiyo, sijamaliza ubeti wa kwanza, Maalim Hamadi huyo mlangoni, na begi lake la safari.

"Hizo ndevu umeota, au umezinunua kwa jumla?"

Hakuna aliyecheka.

"Umetoka wapi, wewe uliyekaa hapo?"

Nikajibu: nimetoka kwenye mvuke wa chai ya Mwalimu, kwenye beti alizozifuta akaniambia anza upya. Meza ya bara ikapiga makofi. "Laoban! Bosi huyo!" Wapemba wakaanza kusimama. Kwa sheria yako, aliyeulizwa naye huuliza. Nikamrudishia: na wewe, Maalim, umetoka wapi?

Akaweka begi chini.

"Nimetoka ndani ya kaburi lake. Nimempokea kwa mikono hii, nikamlaza, nikamwelekeza Kibla."

Mwalimu... ndipo nilipojua kwa nini yule kijana aliinuka.

Nikasimama kulivua joho. Likanikwama. Ikabidi Maalim anivute kama mtoto anayevuliwa shati, na hapo ndipo watu walipocheka, meza zote mbili. Akakaa. Akanisogezea kigoda miguuni pake. "Haya, ile ya mvuke wa chai. Isome tena, taratibu." Nikaisoma. Akaifuta nusu, kama wewe.

Joho ninalo mimi, nalishona kwapa. Pumzika, Mwalimu wangu. Nikirudi nyumbani sitaanzia kwetu Tabora. Nitaanzia Pemba, nikae kando yako. Kile kiti hakitaniona tena kabla sijatoka huko.

Wako wa bara,
Ramadhani